Likasi: Hatari za ziwa zisizokuja na bunduki

Neno usalama likitajwa pamoja na Ziwa Tanganyika, watu wa Katanga hufikiria askari kwanza. Si ajabu. Mwaka 1915 boti mbili ndogo za Waingereza, Mimi na Toutou, zilipakiwa kwenye gari-moshi kutoka Afrika Kusini, zikapita Elisabethville na nchi hii ya migodi mpaka Fungurume, mahali reli ilipokuwa imeishia. Kutoka hapo zikakokotwa porini na milimani mpaka mto Lualaba, na mwishowe zikashushwa ziwani karibu na Kalemie ili zipigane na meli za Wajerumani. Tangu wakati ule kila serikali iliyotawala upande huu imeliangalia ziwa kama mpaka wa kulindwa kwa silaha. Na mwaka 2025, Goma ilipochukuliwa na M23 mwezi wa kwanza na Bukavu mwezi wa pili, ziwa lilelile likawa barabara ya familia zilizopanda boti kwenda Kalemie kutafuta pa kulala.

Askari wana kazi yao, na hakuna anayekataa. Lakini anayehesabu ni nini kimewapunguzia watu wa kando ya ziwa chakula, afya na makazi, ataona kwamba mengi hayakuletwa na bunduki. Yameletwa na nyavu, na joto la maji, na vyoo visivyokuwepo, na boti zinazojazwa kupita kiasi. Mambo haya hayana jenerali wala msemaji, ndiyo maana hayaitishiwi mkutano.

Likasi iko mbali na ufuo, na mtu anaweza kuuliza habari hizi zinamhusu nini. Zinamhusu sokoni. Mama anayenunua fungu la ndagala Kikula ili nyumbani wapate kitu cha kulia bukari, halioni ziwa, lakini analipa bei yake. Ndagala kavu zinatoka Kalemie na Moba. Samaki wa kukaushwa na wa chumvi wanatoka Kasenga, kwenye mto Luapula, na Kilwa, kwenye Ziwa Moero, na wengine Upemba kupitia Bukama. Wote hao wakikosekana, anabaki thomson wa barafu, samaki wa bahari ya Atlantiki anayeletwa kutoka Namibia, ambaye bei yake inapanda na kushuka pamoja na dola. Mwenye mshahara wa mgodi anaweza kubadilisha. Familia iliyohama, inayokaa watu kumi katika chumba cha ndugu, haibadilishi: inakula sombe peke yake.

Ziwa lenyewe ni karibu bahari. Urefu wake unazidi kilomita 650, kina chake kinafika mita 1,470, na limegawanyika kwa nchi nne: Kongo ina karibu 45%, Tanzania 41%, na Burundi na Zambia zinabaki na sehemu ndogo. Reli ya Tanzania ilifika Kigoma mwaka 1914, ile ya Kongo ikafika Kalemie mwaka 1915, na kati ya vituo hivyo viwili hakuna daraja ila maji. Unga, saruji, mafuta, wagonjwa na wafanyabiashara wote wanapita hapo. Mahali pa namna hiyo pakiugua, ugonjwa hausimami ufukweni.

Wazee wa Luapula wanajua samaki anavyoweza kwisha bila vita. Zamani za wakoloni, wafanyabiashara Wagiriki walikaa Kasenga, wakinunua samaki wa Moero na Luapula, wakiwaweka kwenye barafu na kuwapeleka kwa malori Elisabethville ili kuwalisha wafanyakazi wa migodi ya shaba. Samaki aliyetafutwa kuliko wote alikuwa pumbu. Kila msimu wa mvua pumbu walipanda mto Luapula kwa makundi makubwa kwenda kutaga mayai, na ni hapohapo, katika safari ile ya kuzaa, watu walipowategea nyavu. Ilikuwa kazi rahisi na yenye faida nzuri. Mwisho wa miaka ya 1940 makundi yakapungua, na katika miaka ya 1950 biashara ya pumbu ikafa. Hakuna risasi iliyopigwa. Migodi ilihitaji nyama ya kuwapa wafanyakazi, mnunuzi alihitaji kujaza lori, mvuvi alihitaji fedha za kodi, na kila mmoja alikuwa na sababu nzuri ya kutupa wavu siku ile. Pumbu hakurudi tena kama alivyokuwa.

Hadithi hiyo inapaswa kusomwa kila mara mtu anapozungumza juu ya ndagala. Ndagala ana heri moja: anakua haraka na kuzaa haraka, si kama pumbu. Kwa hiyo anavumilia kuvuliwa sana. Lakini watoto wake, pamoja na watoto wa mikebuka, wengi wanakaa kwenye maji mafupi karibu na ufuo, na huko ndiko kokoro na vyandarua vya mbu vinapokokotwa. Ndoo moja ya vitoto vile, ambavyo vikikaushwa vinabaki kama vumbi, ingekuwa magunia baada ya miezi michache.

Hapa ndipo wengi wanapowanyooshea kidole waliohama. Inasemwa kwamba wakimbizi ndio wanaoharibu ziwa kwa vyandarua walivyopewa na mashirika. Maneno hayo ni mepesi mno. Mtu aliyekimbia na watoto na sufuria moja hana mtumbwi, hana taa ya kuvulia usiku, hana wavu wa macho makubwa, na hana shamba. Ana chandarua. Atakitumia, na yeyote mwenye njaa angefanya hivyo. Tena kokoro ndefu zinazokokotwa na watu ishirini hazikununuliwa na wakimbizi. Zina wenyewe, na wenyewe wanajulikana mjini. Kumkamata mama mwenye chandarua na kumwacha tajiri mwenye kokoro ni kuonea wanyonge kwa jina la mazingira, na wavuvi wanaliona hilo vizuri kabisa. Ndiyo maana sheria haiheshimiwi.

Nchi nne za ziwa zilikubaliana kufunga uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, ili samaki wapumue. Tanzania ilifunga upande wake mwaka 2024. Wazo ni zuri, na anayelipinga kabisa hajui Kasenga. Lakini miezi mitatu ni siku tisini za kula. Mwenye mitumbwi mitano anaweza kungoja. Mama anayekausha ndagala juu ya mchanga, anayelipwa kwa beseni, hawezi. Kijana anayebeba samaki kutoka mtumbwini hadi lori hawezi. Ukifunga ziwa bila kufungua ghala, mvuvi haachi kuvua. Anavua usiku wa giza zaidi, anamlipa anayelinda, na samaki wanafika sokoni kwa bei ya magendo. Serikali ikipata mafuta ya kuendesha boti za doria, basi ipate pia unga wa kuwapa wanawake wa ufukweni kwa siku zile tisini. Vyote viwili ni matumizi ya usalama. Na tarehe zitangazwe mapema kwenye radio za Likasi, Kambove na Lubumbashi, si Kalemie peke yake, ili wauzaji waweke akiba na bei isiruke mara moja mwezi wa tano.

Hata nyavu zote zikichomwa, kuna adui mwingine asiyekamatwa. Maji ya juu ya ziwa yamepata joto. Katika Tanganyika, hewa ambayo samaki anahitaji iko kwenye tabaka la juu tu. Chini kabisa hakuna kiumbe cha namna hiyo kinachoishi. Lakini chakula, yaani mbolea ya vimelea vidogo vinavyoliwa na ndagala, kimelala chini. Kila mwaka wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa tano, upepo wa kusini unalisukuma ziwa na kupandisha mbolea ile juu. Maji ya juu yakiwa ya moto zaidi yanakuwa mepesi, yanaelea juu ya yale ya baridi kama mafuta juu ya mchuzi, na upepo hauwezi kuyachanganya vizuri. Mwaka 2003 watafiti waliandika kwamba uzalishaji wa chakula hicho huenda umeshuka kwa karibu 20%. Mvuvi wa Moba hakuchoma makaa ya mawe wala hana kiwanda. Analipa deni la wengine, na hakuna mahakama Kalemie ya kumpelekea kesi hiyo.

Kisha kuna maji yenyewe kupanda. Mto unaotoa maji ya Tanganyika ni mmoja tu, Lukuga, unaopita Kalemie. Cameron alipoufikia mwaka 1874 aliukuta umezibwa na majani na matope. Miaka michache baadaye maji yakapasua kizuizi, na ziwa likashuka mita kadhaa. Kwa hiyo ziwa hili limezoea kupanda na kushuka, na wazee waliokuwepo wanakumbuka lilivyojaa miaka ya 1960. Tofauti ni kwamba wakati ule ufuo haukuwa na watu wengi hivi. Lilipojaa tena miaka hii, na zaidi mwaka 2024, maji yaliingia majumbani Bujumbura, Uvira na Kalemie, barabara zikakatika, bandari zikazama sehemu, na watu wakahama bila kumwona adui yeyote. Wengine walikuwa wamekwisha kuhama mara moja kwa sababu ya vita. Kwenye orodha za msaada kuna safu ya waliokimbia mapigano na safu ya waliokimbia mafuriko, kama vile mtoto analia tofauti kwa sababu hizo mbili. Wala si kazi ya bahati mbaya tu: viwanja vya ufukweni viligawiwa na watu wenye mihuri.

Maji yakiingia chooni, kolera inatoka. Kalemie na Uvira ni kati ya miji ya Kongo ambayo ugonjwa huu hauondoki kabisa, unalala, unaamka. Na unasafiri. Unasafiri ndani ya tumbo la msafiri, katika bidoni ya maji ya njiani, kwenye mikono iliyogusa samaki na haikunawa. Likasi haina sababu ya kujiona iko salama: mwanzoni mwa mwaka 2008 wagonjwa wa kolera walilazwa hapa na Lubumbashi, na ziwa liko mbali na miji yote miwili. Wanaopokea ndugu kutoka upande wa ziwa wasiwaogope, waogope maji. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, na mtu akianza kuhara maji kama ya mchele, asingoje asubuhi. Wakati wa kumpeleka kituo cha afya anyweshwe maji safi lita moja yenye vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, kidogo kidogo, hata kama anatapika. Dawa hiyo ya nyumbani imeokoa wengi.

Juu ya boti, maneno machache yanatosha kwa sababu kila mtu anajua. Desemba 2014 boti Mutambala ilizama katika eneo la Kalemie, na waliokufa walizidi 100. Oktoba 2024, kwenye Ziwa Kivu, boti iliyotoka Minova ilizama mbele ya macho ya watu ikikaribia Kituku, Goma. Abiria wengi walikuwa wamepanda maji kwa sababu vita vilikuwa vimefunga barabara. Kila mara baada ya msiba tume inaundwa, maofisa wa bandari wanasimamishwa, na baada ya miezi boti ile ya pili, ndugu ya ile iliyozama, inajazwa magunia na watu kama zamani. Jaketi la kuelea linagharimu kidogo kuliko jeneza. Utabiri wa upepo unaosomwa kwenye radio jioni haugharimu karibu chochote. Kama kuna kipengele kimoja cha usalama wa ziwa ambacho mkuu wa bandari anaweza kukitekeleza kesho bila kungoja Kinshasa, ni kuhesabu watu kabla ya kamba kufunguliwa.

Na mafuta ya petroli? Julai 2022 serikali ilitangaza kuuza vitalu 27 vya mafuta, vingine vikiwa upande wa Tanganyika na Upemba. Oktoba 2024 mnada huo ukafutwa. Wengine walihuzunika, wakifikiria ajira. Wafikirie pia kwamba ziwa lenye mdomo mmoja mdogo kama Lukuga haliogi haraka. Mafuta yakimwagika baharini, mawimbi na mikondo yanaweza kuyatawanya. Yakimwagika Tanganyika yatakaa na watu, na wajukuu wao watayakuta. Kufutwa kwa mnada mmoja si mwisho wa habari, kwa maana mafuta hayajaondoka ardhini na wanunuzi hawajaondoka duniani.

Mpaka hapa msikilizaji wa Likasi anaweza kutikisa kichwa na kuwahurumia watu wa Kalemie. Lakini ziko hatari za maji zinazotoka Likasi zenyewe. Mto Panda unapita karibu na viwanda, na kwa muda mrefu umepokea kile ambacho viwanda vya Shituru na migodi ya jirani vimekitema, tangu siku za Union Minière. Panda unaingia Lufira. Lufira unajaza ziwa la Tshangalele, lile lililotokea baada ya bwawa la umeme la Mwadingusha kujengwa, umeme wenyewe ukianza mwaka 1930. Bonde lile UNESCO iliandika kwenye orodha yake ya hifadhi mwaka 1982. Watafiti waliopima samaki na tope la Tshangalele wamekuta shaba, kobalti na metali nyingine kwa kiasi cha kutia wasiwasi. Samaki hao wanauzwa hapa. Fungu moja, bukari, pilipili, na hakuna anayeona chochote, kwa maana kobalti haina harufu.

Mwezi wa pili 2025 Zambia ilionyesha jambo hili likifanyika kwa siku moja. Bwawa la uchafu wa mgodi lilivunjika upande wa Chambishi, maji ya asidi yakaingia mto Kafue, samaki wakafa wakaelea, na mji wa Kitwe ukafungiwa maji ya bomba. Mwezi wa kumi na moja mwaka huohuo ikawa zamu ya Lubumbashi: maji machafu ya kampuni ya madini yalimwagika mitaani, watu wakayakanyaga, na serikali ikasimamisha kazi ya kampuni. Mambo hayo mawili yalipigwa picha. Panda haupigwi picha kwa sababu unaharibika polepole.

Ramani inasema jambo ambalo siasa husahau. Lufira, pamoja na kile ulichokibeba kutoka Likasi, unashuka mpaka Upemba na kuingia Lualaba. Lukuga, pamoja na maji ya Tanganyika, unaingia Lualaba hiyohiyo karibu na Kabalo. Mvuvi wa Upemba aliyekimbia mapigano miaka iliyopita akaja kutafuta kazi ya kuchimba kwa mikono huku, akiosha madini katika kijito cha Likasi, anatuma sumu kwa kaka yake aliyebaki nyumbani kuvua. Hakuna anayepaswa kumlaumu kabla ya kuwalaumu wenye mabomba makubwa. Lakini njia ya maji ni hiyo.

Wabunge wa jimbo wanapenda kuuliza gavana maswali juu ya barabara na ushuru. Kuna swali dogo ambalo halijazoeleka: maji ya Panda yalipimwa lini mara ya mwisho, na nani, na matokeo yalikuwa nini? Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina watu wanaojua kupima. Kampuni zina maabara ndani ya viwanda vyao, zinazopima shaba kila siku zinapotaka kuiuza. Matokeo yabandikwe kila mwezi kwenye milango ya komini nne, Kikula, Likasi, Panda na Shituru, kwa Kiswahili, kwa maneno ambayo mama wa sokoni ataelewa: maji haya yanafaa kufulia, hayafai kunywa, samaki wa Tshangalele wa mwezi huu wanaliwa, au hawaliwi. Nakala moja ipelekwe kwa machifu wa Lufira, na nyingine isomwe radio saa moja jioni, wakati familia nyingi ziko nyumbani zikingoja bukari. Karatasi, gundi na dakika mbili za hewa ni gharama ndogo kuliko mafuta ya msafara mmoja wa magari kwenda kukagua daraja.